Mama Mdogo Hana Mpwa

Kijiko kiligusa sahani gizani, mara moja, kikanyamaza kana kwamba kimejishtukia. Kisha maji yakaanza kuchuruzika, maji ya mtu anayeyakinga kwa kiganja yasipige kelele kwenye karai. Mama Chiriku akafumbua macho. Alidhani ni panya, maana panya wa nyumba ile walishazoea kukatiza chumbani kama wapangaji wenzao. Lakini panya haoshi vyombo.

Akatoka sebuleni, akapapasa ukuta, akawasha taa. Chiriku alikuwa amechutama mbele ya karai, povu hadi viwikoni. Vyombo vyote vya jana vilikuwa vimepangwa kando yake, vikubwa chini, vidogo juu. Huyu alikuwa mtoto wa miaka tisa ambaye asubuhi hakutoka kitandani bila kuvutwa mguu.

"We Chiriku! Unafanya nini gizani?"

"Naosha vyombo."

"Na taa je?"

"Sikutaka kumaliza umeme."

Mama akacheka. "Makubwa! Tangu lini wewe ukajua kwamba umeme unaisha?"

Siku nyingine angejibiwa kwa hotuba. Mtoto huyu aliitwa Chiriku kwa sababu tangu alipojua kusema hakujua kunyamaza. Alibishana na mwenye duka, alibishana na redio, na siku moja alimbishia daktari wa meno huku kinywa kiko wazi. Lakini asubuhi ile aliinamisha kichwa tu, akasema, "Samahani." Kicheko cha mama yake kikakosa mahali pa kukaa.

Kwenye chai mambo yakazidi. Baba Chiriku, ambaye alikuwa fundi wa makochi, alikuwa amekaa na kikombe chake akitafuta miiba ya mbao vidoleni. Bonge, mdogo wake Chiriku, alinyoosha mkono akachukua kipande cha mkate wa dada yake. Wote wakasubiri vita. Chiriku akakisogeza na kilichobaki, akampa.

"Huyu mtoto ana homa," baba alisema. "Mguse paji."

"Sina homa. Asanteni kwa chai." Akakusanya vikombe, hata cha baba ambacho kilikuwa na chai bado. Kisha akasimama mbele ya mama, mikono nyuma. "Mama mdogo, naomba niende nje."

Bonge aliendelea kutafuna. Baba akaacha miiba yake.

"Umeniitaje?" mama akauliza.

"Mama mdogo." Alilisema bila ufidhuli wowote, kama mtu anayesoma ubaoni. "Si ndivyo?"

Na kweli ndivyo ilivyokuwa. Ua zima lilijua kwamba Chiriku alizaliwa na dada mkubwa wa mama huyu, aliyefariki mtoto hajaota hata jino; baba yake mzazi, kaka wa shangazi yake, naye alishafariki. Chiriku mwenyewe alijua. Picha ya marehemu ilikuwa ukutani, na kila alipopata alama nzuri shuleni aliipelekea daftari ikaone. Lakini hakuna aliyewahi kulifanya hilo kuwa habari. Mtoto wa dada yako ni wa kwako, hilo lina maswali gani? Hata majina ya nyumba yalitoka kwake. Alipokuja Bonge, wa tumbo la mama huyu, majirani hawakubadilisha kitu. Mama alikuwa Mama Chiriku na baba alikuwa Baba Chiriku, na Bonge akabaki kuwa Bonge.

"Nenda," mama alisema. Mlango ukafungwa polepole, na yeye akabaki amekishika kikombe kwa mikono miwili kama mtu anayeona baridi. Alikuwa amekumbuka jana.

*

Jana, Alhamisi, alikuwa ameitwa na meneja mpya wa hoteli. Miaka yote pale alikuwa mpiga pasi, kule nyuma kwenye mvuke, ambako wanawake walitoka jioni macho mekundu na mikono imepata mabaka. Sasa mapokezi walihitaji mtu, na meneja, ambaye hakuwa na lugha nyingine ila Kiingereza, alisema atawasikiliza hata wa dobi. Mama Chiriku alikuwa anasoma Kiingereza darasa la jioni. Akavaa gauni lake la harusi za watu, na kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa, akamchukua Chiriku ambebee mkoba.

Mahojiano yalikwenda vizuri kuliko alivyoota. Alijibu kuhusu wageni, vyumba na simu. Mwisho meneja aliinuka, akamwona mtoto aliyesimama karibu na mlango, mkoba umekumbatiwa kifuani, akauliza kwa uchangamfu kama huyu ndiye binti yake.

Hapo ndipo lilipomrukia somo la wiki iliyopita.

Lilikuwa somo la watu wa nyumbani. Watu wazima walikuwa wamebanwa kwenye madawati ya watoto, magoti juu kama panzi, na mwalimu, kijana mpole aliyewaamkia wanafunzi wake shikamoo, aliandika ubaoni *aunt*. Akaeleza kwamba huyo ni shangazi, na ni mama mdogo, na ni mama mkubwa, na hata mke wa mjomba ni huyo huyo.

"Wote?" dereva wa lori akauliza. "Wametiwa kikapu kimoja?"

"Wote."

"Na *uncle*?"

"Mjomba, baba mdogo, baba mkubwa."

"Mwalimu, njoo umwambie mjomba wangu kwamba yeye na baba mdogo ni kitu kimoja. Lakini uje na kofia ngumu."

Darasa likavunjika mbavu. Mwalimu akacheka nao, kisha akataka kila mtu ataje walio nyumbani kwake. Mama Chiriku akasimama, akataja mume mmoja, binti mmoja, mvulana mmoja. Msusi mmoja wa mtaani kwao, asiye na ubaya wowote ila mdomo, akadakia: "Mwalimu, binti si wake, ni wa marehemu dada yake."

"Ahaa. Basi hapo hatusemi *daughter*. Huyo ni *niece*. Mpwa."

"Mpwa ni wa mjomba, mwalimu," Mama Chiriku alisema. "Mimi ni mama mdogo. Mama mdogo hana mpwa, ana mtoto."

"Kwetu, ndiyo. Ila kwa Kiingereza mama mdogo hayupo kabisa."

"Umefutwa, Mama Chiriku!" dereva akapaza sauti, na kicheko cha safari hii Mama Chiriku alikibeba peke yake. Alikaa chini uso unawaka. Usiku ule alimpa Chiriku orodha ya maneno amuulize. Chiriku alipenda sana kuwa mwalimu. "Mtoto wa dada yako?" aliuliza, na mama alipojibu sawasawa, mtoto akampigia makofi. "Umepata! Tunaendelea." Hakuna kati yao aliyefikiri linamhusu mtu aliye chumbani.

Ndiyo maana mbele ya meneja alijibu haraka, kwa sauti ya mwanafunzi aliyebahatika kuulizwa alichosoma. Si binti yangu, bwana. Ni *niece*. Meneja akatabasamu, akampa mkono, akasema Jumatatu aanze. Njiani kurudi mama alikuwa anaruka. Akamnunulia Chiriku soda, ya chupa kubwa, akasimulia kila jibu alilotoa, hata lile. Sasa ndiyo alikumbuka kwamba soda ile mtoto hakuimaliza. Aliirudisha nyumbani nusu, akampa Bonge.

*

Mchana alimfuata mumewe kibandani. Fundi alikuwa amelilaza kochi kifudifudi, misumari midogo midomoni, anavuta kitambaa kwa goti.

"Nimejua anachoumwa," mama alisema, akamsimulia.

Fundi akaitema misumari kiganjani mmoja mmoja. "Ulimwambia nani?"

"Meneja."

"Mbele yake? Mtoto akisikia?"

"Alikuwa mlangoni."

"Mke wangu," alisema, akakaa juu ya mbavu za kochi. "Ungemwambia meneja, ungemwambia polisi, ungemwambia hakimu, mimi nisingenyanyua mdomo. Watu wa ofisini wanaambiwa mengi. Lakini mbele yake?"

"Nilikuwa nakumbuka somo."

"Somo!"

"Unadhani sijui? Ulitaka niseme nini? Nilifurahi kwamba nimelipata."

Fundi alikuwa mtu wa kutania hata msibani, lakini utani haukuja. Akaipapasa pamba iliyochomoza pembeni mwa kochi, akairudisha ndani kwa kidole. "Kaongee naye. Usimweleze. Ongea naye tu."

Lakini yeye alimweleza. Jioni alimkuta anakunja nguo za Bonge. Akakaa karibu naye, akaanza kwa mbali, kuhusu lugha na lugha, kwamba Kiingereza ni lugha ya watu waliozoea kujitenga, kila mtu na mlango wake, kwamba neno lile ni la ofisini tu, halina uzito.

Chiriku alisikiliza hadi mwisho. Siku zote alikuwa na tabia ya kukata mazungumzo ya watu, na mama alimwomba Mungu mtoto amkatize.

"*Daughter* ni nini?" akauliza mwishowe.

"Binti."

"Jana ulikuwa umelisahau?"

Mama angeweza kudanganya. Aliuona uongo umesimama pale karibu, mwepesi, una nguo safi. "Hapana," alisema. "Nilikuwa nalijua."

"Basi." Mtoto akaoanisha soksi mbili ndogo, akazikunja. "Shangazi akija kesho naomba niende naye. Kwake mimi ni mtoto wa kaka yake. Hata kwa Kiingereza najua naitwaje, kwa hiyo sitakosea."

"Likizo tu?"

"Akikubali, na shule nitasoma huko. Nitakuwa namsaidia kupanga viatu vya kuuza. Hapa nawapa kazi."

"Nani amekwambia unatupa kazi?"

"Hakuna aliyeniambia." Akainua rundo la nguo, akapiga hodi kwenye mlango wa chumba cha wazazi wake, mlango aliokuwa akiupiga teke tangu alipojua kutembea. Akasubiri aambiwe karibu.

*

Jumamosi asubuhi Mama Chiriku alikwenda hotelini, ingawa haikuwa zamu yake. Njia nzima alikuwa akiipanga sentensi moja ya Kiingereza, anaigeuza, anairudia chini kwa chini hadi muuza magazeti akamtazama. Pale mlango wa nyuma wenzake wa pasi walimpigia vigelegele. "Bosi wa mapokezi huyo! Utatukumbuka huko kwenye kiyoyozi?" Akawapungia mkono, akapita.

Meneja alikuwa anakagua maua kwenye meza ya mapokezi, anang'oa yaliyonyauka. Alimwona, akamsalimu kwa furaha. Mama Chiriku akasimama wima. Akasema kwa Kiingereza, polepole, neno moja moja, kwamba amekuja kusahihisha jambo. Yule msichana wa juzi ni binti yake.

Meneja akakunja uso akiwa bado anatabasamu. "Msichana gani?"

"Aliyekuja nami. Aliyeshika mkoba wangu."

"Ahaa," alisema, kwa namna watu wasemavyo wasipokumbuka na hawataki kukuudhi. "Vizuri, vizuri. Jumatatu usichelewe, kuna picha ya kitambulisho." Akang'oa ua jingine.

Alirudi nyumbani kwa miguu. Mwenye haraka ya kufika angepanda gari. Kilichomuuma zaidi hakikuwa alichosema. Ni kwamba mtu yule aliuliza kama watu wanavyouliza hali ya hewa. Angejibiwa binti angetabasamu, angejibiwa jirani angetabasamu vile vile. Hakukuwa na mtihani pale. Mtihani aliutunga mwenyewe, akajisahihisha mwenyewe, akajipa alama zote.

*

Shangazi alikuwa ameshafika. Sauti yake ilisikika tangu bombani. Alikuwa muuza viatu vya mitumba, mwanamke mpana, mwenye kuzungumza na watu kana kwamba wako ng'ambo ya barabara. Alikuwa amekaa juu ya kochi la mteja ambalo halikupaswa kukaliwa, na pembeni yake Chiriku, amesuka nywele, amevaa viatu, begi la shule limevimba miguuni.

"Wifi, karibu kwako," shangazi alisema. "Nimekuja kusalimia nakuta abiria. Kuna nini? Huyu namuuliza ananijibu kama karani."

Fundi alikuwa mlangoni na nyundo asiyoitumia. Bonge alikuwa chini anasukuma kifuniko cha sufuria kama gari.

Mama Chiriku hakukaa. Alisimulia yote, tangu darasani, bila kujipendelea. Alipofika kwa meneja wa asubuhi, akasema: "Nimekwenda kumwambia. Hakumbuki. Hamkumbuki mtoto, wala nilichosema." Akamgeukia Chiriku. "Nilikuuza, mwanangu, na mnunuzi hakumbuki hata kama alinunua. Sina la kukueleza. Nimekosa."

Chiriku alitazama kamba za viatu vyake.

"Lo," shangazi alisema, mara hii kwa sauti ya ndani ya nyumba. Akafikiri. "Wifi, mimi sikufichi. Tangu kaka yangu afariki moyo wangu uko kwa huyu mtoto, na kila nikija narudi peke yangu nikisema, basi, kule ana mama. Leo ningeweza kusema niliwaambia. Lakini sichukui mtoto wa mtu kwa hasira. Hasira zikimwisha atanililia mimi, nami nitamrudisha wapi? Kwa niece?" Akainuka, kochi likashusha pumzi. "Nakwenda kwa yule mwenye marobota ya viatu. Nikirudi nitauliza mlangoni, mara moja tu. Chiriku, utakalonijibu ndilo. Ukija, karibu, kitanda kipo. Usipokuja, sitanuna. Na nyie wakubwa msimtie maneno mdomoni."

Akaondoka. Fundi akamtazama mkewe, akatikisa kichwa kidogo, akarudi kibandani. Nyundo haikusikika.

Mama alikwenda kuteleka maji ya ugali, kwa kuwa mikono ilitaka kazi. Chiriku akainuka kumsaidia. "Kaa," mama alisema. "Leo usinisaidie kitu." Mtoto akakaa tena, mgongo wima, kama mtu aliye kwenye foleni ya zahanati. Hivyo wakakaa: mmoja anatazama maji yasiyochemka, mwingine anatazama begi. Mama alitaka kusema, siku ya kwanza kukubeba ulinishika kidole gumba hukukiachia hadi asubuhi. Alitaka kusema mengi ya namna hiyo. Akakumbuka alivyoambiwa, akayameza.

Bonge alikuwa amechoka kuzunguka na gari lake. Alianza kuligonga kwenye begi la dada yake. Kisha kwenye kiatu chake. Kisha kwenye ugoko.

"Usinigonge," Chiriku alisema kwa adabu.

Bonge akamgonga tena, akicheka, akajiegemeza kwa uzito wake wote wa miaka mitatu. Chiriku akapandisha pumzi, akamsukuma kwa mikono miwili. Bonge akaenda chini makalio kwanza, kifuniko kikalia hadi nje, na kilio kikafuata.

"We Chiriku!" mama alifoka kabla hajajua kama amefungua kinywa. "Mkubwa hovyo wewe! Unamsukuma mtoto hivyo, akili zako umeweka wapi? Mwinue! Mwinue sasa hivi!"

Kisha akajisikia. Mwiko wa ugali ulikuwa juu, mkononi mwake. Hivyo ndivyo alivyokuwa akifoka kila siku ya Mungu kabla ya juzi, na tangu juzi hakuwa amethubutu. Alimtazama mtoto aliyevaa viatu vya safari, akaona amemaliza, ameharibu hata kidogo kilichobaki.

Macho ya Chiriku yalikuwa mekundu. "Yeye ndiye ameanza!" akapiga kelele. "Kila siku yeye anaanza halafu mimi ndiye mkubwa hovyo! Amenigonga hapa, na hapa, hukuona? Wewe huoni! Wewe ukiongea unaongea tu, huangalii nani amesimama!"

Alikuwa amesimama, machozi na makamasi hayana mpaka. Mama akaweka mwiko chini. Hakumsogelea. "Kweli," alisema. "Sikuangalia."

"Hukuangalia!"

"Sikuangalia."

Bonge, alipoona kilio chake hakina watazamaji, akakipunguza, akamtambalia dada yake, akamshika mguu. Chiriku akamwinua kwa kwapa moja, ovyo ovyo, akambeba kiunoni na uzito wake wote huku bado ana kwikwi. Ndipo ukasikika mlango wa uani, na ile sauti ya ng'ambo ya barabara ikapaa juu ya kuta.

"Hodi tena! Chiriku, nauliza mara moja, unakuja?"

Mama alishika ukingo wa meza. Chiriku akajifuta pua kwa fulana ya Bonge, akageukia mlangoni, akajibu kwa sauti ambayo ua lote liliisikia:

"Siendi, lakini bado nimekasirika."